Watoto Hawagawanywi kwa Majina

Jumapili, 4 Juni 1972

Kwa wote wanaohusika, wazee wa ukoo, wazee wa kanisa, na yeyote anayepita njia ya Giakanja akiwa na masikio: leo, saa saba na dakika kumi mchana, mimi Simeon Gatimu, fundi wa viatu, nimesonga ugali. Ulisimama kwenye sahani bila kushikiliwa. Mtoto mmoja aliumaliza wake. Mwingine alikula nusu, akaniuliza kama ndani kuna udongo. Hakukuwa na udongo. Kulikuwa na unga uliokataa kuiva.

Naandika katika shajara iliyotolewa bure na duka la mbolea. Murugi, mke wangu, alikuwa ametumia ukurasa mmoja tu: aliandika siku ambayo kuku mwekundu alianza kuatamia. Ukurasa wa tarehe 29 Aprili ni mtupu, na utabaki hivyo. Ni siku aliyofariki. Kifua, siku nne, basi.

Naandika Kiswahili kwa sababu mbili. Kwanza, nilikipata kwa jasho, Nanyuki, nilipokuwa nikipiga rangi viatu vya askari na kusoma magazeti yaliyofungiwa viatu hivyo. Pili, kaka yangu Kingori akikuta maandishi ya Kikuyu atayasoma yote. Ya Kiswahili atasoma mstari mmoja aseme macho yanamuuma.

Nina binti wawili. Kabura ana miaka kumi na mmoja, na jina ni la mama yangu, kama desturi yetu inavyotaka kwa binti wa kwanza. Kwa hiyo yeye ni mama yangu, na namwita Mama. Wachuka ana miaka minne. Jina lake ni la mama yake Murugi, kwa hiyo yeye ni mama mkwe wangu. Naishi nyumba moja na mama yangu na mama mkwe wangu, na hakuna kati yao anayejua kupika.

Jumanne, 6 Juni

Baridi. Ukungu umelala juu ya soko. Mlima haujaonekana.

Alhamisi, 8 Juni

Kingori alikuja kibandani kwangu na kiatu kimoja mkononi. Viatu vyake huisha kisigino cha kushoto peke yake. Mtu wa namna hiyo husimama sana mahali pamoja akingoja kusikilizwa. Yeye ni mzee wa kanisa.

"Gatimu, ni kweli ati wewe ndiyo unapika?"

"Ni kweli."

"Ati unaingia jikoni kabisa? Unainama?"

"Ugali haupikwi umesimama wima, kaka."

"Watu wanacheka. Baba yetu alizaliwa akafa bila kushika mwiko."

"Na mama yetu alikufa akiwa ameushika. Lete hicho kiatu."

Kisha akasema nioe. Nikamwambia Murugi hajamaliza hata miezi miwili. Akasema hakumaanisha leo, alimaanisha kabla ya kahawa kuiva. Nilipigilia kisigino kile misumari tisa. Minne ingetosha.

Jumamosi, 10 Juni

Mwalimu Benter, anayemfundisha Kabura darasa la tano, amepanga chumba nyuma ya duka la jirani. Kwao ni upande wa Kisumu. Amekuja kuuliza kwa nini Kabura anasinzia shuleni, akakuta sufuria.

"Fundi, hii ni nini?"

"Ugali, mwalimu."

"Hapana. Ugali naijua. Hii ni uji imekataa kazi." Akavua koti. "Maji ilichemka?"

"Ilikuwa na moto."

"Moto si kuchemka! Ulidhani unachanganya simiti? Toka hapo. Hapana, usitoke, nani atajifunza? Shika mwiko. Sasa geuza. Geuza kama mtu ako na njaa!"

Nikageuza. Mikono yangu imeshona soli miaka kumi na mitano, lakini ugali wa Mwalimu Benter ulinitoa jasho katika baridi ya Juni. Uliiva. Wachuka alikula, akalala pale pale mezani na tonge mkononi.

Mwalimu alipokuwa akivaa koti aliniambia kwamba Kabura husinzia kwa sababu huamka saa kumi kuteka maji kabla mimi sijaamka, ili nisione kazi ni nyingi. Sikujua. Mimi ambaye hujua habari za watu kwa viatu vyao, sikutazama viatu vya mtoto wangu. Vimelowa kila asubuhi.

Jumapili, 11 Juni

Nimeteka maji mimi. Wanawake mtoni walinipisha njia kama wanavyompisha chifu, kisha wakacheka kama wasivyomcheka chifu. Niliwaamkia wote kwa majina.

Jumatano, 14 Juni

Baridi.

Jumapili, 18 Juni

Asubuhi tulikaa watatu kuuzunguka moto, migongo ikiganda na nyuso zikiungua, tukinywa uji. Kabura alinitazama mikono.

"Mwanangu," akasema, "umenawa?"

"Nimenawa, Mama."

"Nionyeshe. Hii ni rangi ya viatu. Unataka wageni waseme sikukulea vizuri?"

Wachuka akadakia kwamba yeye ni mama mkwe na mama mkwe hunywa uji kwanza, na tena kwa kikombe cha bluu. Kabura akamwambia mama mkwe hakai mapajani mwa mkwewe. Wachuka alifikiri. Akasema huyo ni mama mkwe wa zamani.

Nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Aprili, na nikageuka kuangalia mlango kama mtu aliyeiba. Hakuna aliyekuwa mlangoni. Basi nikacheka tena, kwa kusudi. Nani amesema nyumba ya msiba lazima iwe kimya ili majirani waridhike? Sisi tunalia pia, lakini tunalia wakati wetu.

Alhamisi, 22 Juni

Viatu vya Murugi vilikuwa kibandani tangu Februari vikingoja soli. Mke wa fundi hungoja wateja waishe, na wateja hawakuisha. Leo nimevitia soli. Ni kazi safi, labda nzuri kuliko zote za mwaka huu. Nimeviweka chini ya kitanda.

Jumapili, 25 Juni

Baada ya kanisa Kingori alinishika kiwiko mbele ya watu, kwa upendo wa kanisani. Akaniambia ameshazungumza na upande wa marehemu. Jumamosi tarehe 12 Agosti watakaa, wakwe na sisi, na mambo yataamuliwa.

"Mambo gani?"

"Ya watoto. Mwanaume pekee hawezi kulea wasichana. Lakini tumeona njia ya haki. Kabura ni jina letu, atakaa kwangu. Wachuka ni jina lao, ataenda Naro Moru. Mama mkwe wako mwenyewe amemtaka wajina wake. Ni mama yao yule, Gatimu! Utamkatalia mtu mama yake?"

"Na mimi?"

"Wewe utapumzika."

Nimekuwa nikitafakari neno hilo tangu mchana. Murugi anapumzika. Mimi sijaomba.

Ijumaa, 30 Juni

Manyunyu siku nzima. Hakuna mteja aliyepita. Nimepika githeri, mahindi kwa maharage, bila msaada wa mtu.

Jumamosi, 8 Julai

Nimefanya kosa, na naliandika lote ili nisije nikalipunguza baadaye.

Nywele za Wachuka zilikuwa zimekuwa kichaka. Mwalimu Benter husuka kwa uzi mweusi, msichana anatoka na pembe ndogo kumi, maridadi. Lakini alikuwa Nyeri mjini, na mimi nikajiambia: uzi ni uzi, na katika Giakanja nzima nani anajua uzi kunizidi? Nikamkalisha Wachuka kati ya magoti, nikamsuka kwa uzi wangu wa kushonea soli. Nilivuta, nikafunga mafundo yetu ya kazi. Pembe kumi na mbili, zilizonyooka kama askari. Wachuka alijitazama kwenye kioo akasema yeye ni jogoo.

Uzi wa soli hupakwa nta. Hutengenezwa usifunguke milele, hata kwenye maji, hata kwenye matope. Hilo nililikumbuka saa kumi, Kabura alipojaribu kufungua pembe moja akashindwa, akajaribu na uma, kisha akaniangalia.

"Mwanangu," akasema polepole, "umemshona mtu."

Jumapili, 9 Julai

Na leo, katika siku zote za mwaka, akaja Warigia.

Warigia ni dada mkubwa wa Murugi. Aliolewa zamani, ndoa ikavunjika, akarudi Naro Moru, anaishi kiwanja kimoja na mama yao na husuka sweta za kuuza kwa wapagazi wa mlimani. Hana mtoto. Alipofika mlangoni hakuniamkia. Alimwona Wachuka.

"Baba Kabura. Hii ni nini?"

"Ni nywele, shemeji."

Akagusa. Akanusa vidole. "Hii ni nta. Umefunga kichwa cha mama yangu na uzi ya viatu!"

"Ni cha mtoto wangu."

"Ni Wachuka! Jina ni la nani? Umemfunga mama yangu kichwa kama buti!"

Wachuka akaanza kulia, si kwa uchungu, kwa sababu ya kelele. Nilikuwa na maneno. Mimi daima nina maneno. Lakini nilitazama ile ngozi ya kichwa iliyovutwa ikawa nyekundu, na maneno yakaisha. Warigia akasema anampeleka kwa nyanya yake mpaka siku ya mkutano. Akamfunga shuka, akambeba mgongoni. Nami nikasimama nikishika kofia.

Kabura hakulia. Aliosha kikombe cha bluu, akakiweka juu kabisa ya kabati, mahali asipofika yeye mwenyewe bila stuli.

Jumatatu, 10 Julai

Baridi.

Jumanne, 11 Julai

Baridi.

Ijumaa, 14 Julai

Nimesonga ugali wa watu watatu. Tumekula wa watu wawili.

Jumatano, 19 Julai

Mke wa Kingori amekwenda kwao Kianyaga kumwona mgonjwa, leo siku ya tatu. Saa moja jioni Kingori akatokea, akasema amepita tu. Alikaa akizungumzia bei ya mabati. Macho yake yalikuwa kwenye sufuria.

"Karibu githeri, kaka."

"Hapana, hapana. Mimi jikoni siingii."

"Basi simama mlangoni."

Akasimama mlangoni, mguu mmoja ndani na mmoja nje, ili desturi isivunjike. Alikula sahani mbili. Ya tatu aliomba kwa kukohoa.

"Imeiva," akasema.

"Imepikwa na mwanaume."

"Giza limeingia, sikuona aliyepika."

Nilikuwa nimemchukia mtu huyu wiki tatu. Lakini ni vigumu kumchukia mtu mwenye harage kidevuni. Niliona kitu ambacho sijawahi kukiona: Kingori anaogopa. Siku tatu bila mke na hajui chumvi iko wapi. Amenitazama mimi na kuona lile linaloweza kumpata, na anataka limalizwe haraka, lisiwe linapita mbele ya macho yake kila siku likibeba ndoo.

Lakini tarehe 12 Agosti iko pale pale. Hilo hakulisahau hata alipokuwa akilamba kijiko.

Alhamisi, 27 Julai

Mwalimu Benter ameuliza kwa nini nisiende kumchukua Wachuka. Nimemweleza: mtu haendi kwa wakwe peke yake wakati wa ugomvi. Huenda na wazee, tena wakiwa wameitwa. Akasema, "Na mtoto naye anajua anangoja wazee?"

Jumatano, 9 Agosti

Leo Kabura alirudi kutoka shule, akaweka begi, akasimama mbele yangu kibandani huku kuna wateja wawili.

"Baba, mimi ni nani?"

"Kabura."

"Kabura nani?"

"Mama yangu," nikasema, na wateja wakatabasamu, maana ni mchezo unaojulikana.

Yeye hakutabasamu. "Basi mimi mama yako nakuamuru. Nenda umlete mtoto. Kesho. Usingoje Jumamosi. Na wakiuliza nani amekutuma, sema ni mama yako, na yeye hataki kugawanywa."

Mteja mmoja alishusha kofia. Nikafunga kibanda saa tisa. Mtu hakaidi mama yake mbele ya watu.

Alhamisi, 10 Agosti

Nilipata nafasi kwenye lori la viazi, nikafika Naro Moru saa nne. Upepo wa huko ni mwingine, unashuka moja kwa moja kutoka kwenye barafu na kukuingia mkononi mwa sweta. Mlima wenyewe haukuonekana hata kutoka pale, na pale ndipo mguuni pake.

Mkwe akifika husimama uani mpaka apokelewe. Huingizwa sebuleni, hukaa, na mama mkwe humsalimu kwa mbali. Jikoni kwa mama mkwe haingii, hata mvua ikinyesha mawe. Nilisimama uani kama inavyotakiwa. Hakuna aliyetoka. Jikoni kulikuwa na moshi mzito na mtu anakohoa.

Nilingoja. Kikohozi kikaendelea. Ni kikohozi cha mtu anayewasha kuni mbichi na kuzipanga vibaya, nakijua, kilikuwa changu mwezi wa sita. Basi nikaingia.

Wachuka yule mkubwa, mama mkwe wangu, alikuwa amepiga magoti akipuliza. Aliniona akashtuka akajivuta shuka. Nilichuchumaa, nikatoa kuni mbili, nikageuza moja, nikaacha pengo la hewa, nikapuliza mara moja kwa chini. Moto ukashika. Nikaweka sufuria yake juu ya mafiga, nikakaa chini.

Aliangalia moto, kisha akaniangalia mimi.

"Nani amekufundisha kuwasha moto?"

"Binti yako, mama. Kwa kutokuwepo."

Akafunika mdomo na shuka. Mabega yalitikisika. Nilidhani analia, na alikuwa analia, lakini alikuwa pia anacheka.

"Nimekuja kumchukua Wachuka," nikasema. "Najua umemtaka. Najua ni jina lako. Lakini simtoi. Leteni wazee, leteni chifu. Simtoi."

"Nani amemtaka?"

"Wewe, mama."

"Mimi? Mimi nimelea watoto saba, na goti hili halikunji. Warigia aliniambia umeshindwa, ati umetuomba tukusaidie mtoto."

Tukatazamana. Mlangoni akatokea Warigia na Wachuka mkononi. Wachuka alikuwa na sweta mpya nyekundu na kichwa cheusi, laini, kimesukwa mistari. Nywele zote zilikuwepo. Mtoto akanirukia shingoni akaniuliza kama nimemletea jogoo.

"Ulinyoa?" nikamuuliza Warigia, ingawa niliona.

"Kunyoa nini? Nilifungua." Alisema kwa hasira. "Siku mbili. Na mafuta ya kupikia na sindano ya sweta. Hakuna hata unywele mmoja nilikata. Ana nywele ya Murugi. Nani atakata?"

Akakaa kizingitini ghafla, kama mtu aliyesukumwa.

"Ni mimi nilimtaka," akasema. "Mama hajui kitu. Ni mimi niliambia Kingori. Wewe umebaki na wawili. Mimi nimebaki na nini ya dada yangu? Picha ya kanisa, na amefumba macho!"

Mwezi mzima nimekuwa nikimwandika mwanamke huyu kichwani mwangu kama mwizi. Ningekuwa na haki ya kuendelea. Lakini siku mbili, unywele kwa unywele! Mimi mwenye uzi nisingeweza.

"Shemeji," nikasema, "mtoto haji kukaa kwako. Hilo limeisha. Lakini Naro Moru si Uingereza. Wewe njoo. Njoo kila ukipata nafasi, ulale kwetu, umsuke. Mimi na nywele tumeachana."

Alichukua Wachuka mapajani akamfunga kifungo cha sweta ambacho kilikuwa kimefungwa tayari.

Ndipo mama mkwe akainuka, goti likalia, akaenda chumbani, akarudi na blanketi. Nililijua kabla hajalikunjua. La kahawia, milia miwili. Nililileta mimi mwaka wa sitini, nikiwa na wazee watano na mbuzi, katika mahari ya Murugi. Mahari ikirudishwa, ndoa imefutwa, na waliozaliwa ndani yake hawana baba.

"Mama, hilo silishiki."

"Nani amekupa wewe?" Akamtandikia Wachuka mabegani, likamfunika mpaka miguuni. "Huyu ni nani?"

"Wachuka."

"Na mimi ni nani? Basi. Mimi nimejipa mwenyewe blanketi yangu, niende nayo Giakanja mahali kuna baridi. Kosa iko wapi? Mwambie Kingori Wachuka amekaa akaamua. Wote wawili."

Jumamosi, 12 Agosti

Mkutano ulifanyika. Wazee walikuwa saba. Kwa upande wa wakwe alikuja Warigia peke yake, na kikapu. Kingori alisimama, akaomba Mungu kwa dakika kumi na moja, akauliza upande wa marehemu unadai nini.

"Hatudai kitu," akasema Warigia. "Mimi nimekuja kusuka mtoto."

Kingori akageuza karatasi yake kuona kama kuna kitu nyuma. Hakukuwa na kitu. Mimi nikasimama, maana nilikuwa nimejiandaa wiki saba na singeacha kusema. Nikasema: Watoto hawagawanywi kwa majina. Tuliwapa majina hayo ili waliotangulia wasitoke nyumbani, sasa mnataka kuyatumia kuwatoa. Nikasema kwamba ninapika, nateka maji, nafua, na atakayecheka acheke akiwa amesimama mbali na sufuria yangu. Nikasema Kabura haendi kwa Kingori, wala kwa mtu, mpaka siku atakapokwenda kwa miguu yake kwa mtu anayemtaka yeye.

Mzee Theuri, mkubwa kuliko wote, akauliza kama sufuria hiyo niliyoitaja ina kitu.

Ilikuwa nayo. Walikula saba na Kingori wa nane. Kingori aliingia jikoni kuongeza chumvi. Miguu yote miwili.

Jioni baridi ilikuwa kali kuliko Julai yote. Tulivuta vitanda viwili vikawa kimoja, Warigia na wasichana huku, mimi upande wa ukutani na koti langu, na lile blanketi la kahawia juu ya wote waliofikiwa. Wachuka alitoa amri kuhusu nani aguse nani kwa miguu. Nililala nikiwa nimeshinda.

Jumapili, 13 Agosti

Nilitaka leo kuandika jambo zito. Nimenoa penseli mara mbili. Juu ya familia, juu ya msiba, juu ya yale ambayo ukoo hauwezi kumnyang'anya mtu akikaza meno. Nilikuwa na mwanzo mzuri.

Blanketi lina kunguni.